Kumwogopa na Kumwogopea

Sisi tunaoishi Bugolobi tunalijua gereza kwa kulitazama barabarani. Barabara ya Port Bell inatoka upande wa Nakawa, inapita kwetu, inateremka Kitintale na kuishia Luzira kando ya ziwa, lilipo gereza linalojulikana kuliko yote nchini Uganda. Siku za mahakama magari ya magereza hupanda kuelekea mjini asubuhi na kurudi jioni. Ukiwa umesimama kwa muuza rolex ukisubiri chapati yako ikunjwe pamoja na mayai, gari linapita, unaona vidole vimeshika wavu wa dirisha na sare za manjano nyuma yake. Watu hutazama kidogo, kisha kila mtu hurudi kwenye mazungumzo yake.

Nami nilitazama hivyohivyo kwa miaka mingi, ingawa mdogo wake mama alikuwa mfungwa. Hakuwa Luzira, alikuwa katika gereza jingine, mbali na Kampala. Mjomba alimpiga jirani kwa mpini wa jembe katika ugomvi wa mpaka wa shamba kijijini kwetu, na yule jirani akafa siku ya pili. Mahakama iliona kwamba hakukusudia kuua, ikamfunga. Wakati huo nilikuwa na miaka 10. Nyumbani hakuna aliyetukataza kumtaja, lakini tulimtaja kwa sauti ya chini. Aliyemtaja kwa sauti ya kawaida ni bibi yetu peke yake, ambaye kwa Kiganda tunamwita Jjajja. Alimtaja kila usiku kwenye sala.

Jjajja hakuwa mtu wa Kampala. Alihamia kwetu baada ya tukio lile. Alijaribu kwenda mazikoni kwa marehemu akafukuzwa kwa mawe, na wiki hiyohiyo migomba yake ikakatwa. Tangu siku hiyo amelala katika chumba kimoja nami, kwenye maghorofa ya Bugolobi, na bado anasema anasikia vibaya kuishi juu ya vichwa vya watu.

Mwaka 2022 nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nimechagua Kiswahili na saikolojia. Kiswahili nilikipenda. Saikolojia niliichagua kwa sababu ya filamu. Nilikuwa nimeona mara nyingi yule mtaalamu wa Marekani anayeingia chumba cha mahojiano, anamtazama muuaji machoni, na baada ya dakika tano anajua kila kitu. Nilitaka kuwa huyo.

Jumamosi moja ya mwaka huo ndipo nilipomwona mwanasaikolojia wa gereza kwa macho yangu. Alikuja nyumbani akiwa na ofisa wa ustawi, wamechoka kwa safari, viatu vina vumbi. Alikuwa mama wa makamo kutoka kaskazini mwa nchi. Alikuwa na daftari la kawaida kama yale tuliyotumia shuleni. Kabla ya kitu chochote aliomba maji ya kunywa.

Mama alikuwa sokoni akiuza, kwa hiyo nyumbani tulikuwa Jjajja na mimi. Mgeni hakujua Kiganda, na Jjajja hajui Kiingereza. Aliposikia kwamba nasoma Kiswahili alifurahi. "Basi tutumie Kiswahili," akasema. "Mjomba wako nazungumza naye Kiswahili. Ndiyo lugha yetu ya gerezani. Maneno yake nimeyaandika kwa Kiswahili, na ningependa yafike kwa mama yake bila kuzunguka."

Nilimwona Jjajja akijikunja kwenye kiti. Watu wengi wa rika lake katika Buganda walikijua Kiswahili kwanza kwa wanajeshi. Katika miaka ya Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, ndicho walichokisikia kwenye vizuizi vya barabarani na usiku mlango ulipogongwa. Katiba yetu imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, lakini katiba haiwezi kumwondolea mtu kumbukumbu. Nilimshika mkono nikamwambia kwamba huyu ni mama tu kama yeye, na amekuja kwa sababu ya mwanawe. Akatulia, akamwita mgeni "nnyabo", kwa heshima, na kumsogezea kiti kizuri.

Mgeni hakuanza na maswali. Alianza na onyo. "Mtakayoniambia nitayaandika, na wakubwa gerezani watayasoma," alisema. "Mimi si padri. Kama kuna jambo ambalo hamtaki lisomwe, msiniambie." Nilipolitafsiri, Jjajja alicheka kwa mara ya kwanza. "Mwambie nyumba hii haina siri ambayo watu wa ghorofa ya juu hawajaisikia."

Baadaye nilielewa uzito wa onyo lile. Daktari wa kawaida anamtumikia mgonjwa wake, na siri ya mgonjwa anailinda. Mwanasaikolojia wa gerezani ana mabwana wawili. Anamsaidia mfungwa alale, asijiue, ajifunze kuitawala hasira yake. Wakati huohuo mahakama au gereza linamtaka aseme kama mtu huyo ana akili timamu ya kujibu mashtaka, au kama akitoka atakuwa salama kwa wengine. Mfungwa akimweleza siri akidhani anazungumza na rafiki, na siri hiyo ikaonekana kesho kwenye ripoti, amesalitiwa. Ndiyo sababu anayeijua kazi yake vizuri humwambia mtu mapema kwamba anaandika, na humwambia ni nani atakayesoma.

Kisha maswali yakaja, na yote yalinishangaza kwa udogo wake. Atalala wapi? Je, kuna mtu nyumbani anayekunywa pombe? Nani atampa kazi, na kazi gani? Akiwa na hasira zamani, nani aliweza kumtuliza? Familia ya marehemu wako wapi sasa, na kuna aliyekwenda kwao tena? Nilitafsiri huku nikingojea lile swali kubwa la filamu, lile la kufungua roho ya mtu. Halikuja. Mgeni aliandika kwamba mjomba atalala sebuleni, kwamba mlango wa sebule haufungiki vizuri, na kwamba baba yangu hanywi.

Ndipo akauliza, "Katika nyumba hii kuna mtu anayemwogopa?"

Jjajja alijibu haraka. Alisema hakuna anayemwogopa mtoto wake, ila wao wanamwogopea. Alikuwa anafikiria mawe yale na migomba ile. Alikuwa anafikiria watoto wa marehemu ambao sasa ni wanaume.

Nami nikasema kwa Kiswahili, "Bibi anasema tunamwogopa kidogo."

Ninyi mnaosoma lugha hii mnaona nilichofanya. Tofauti ni irabu moja. Ningeweza kudai kwamba ulimi uliteleza, na kwa miezi kadhaa nilijaribu kujidanganya hivyo. Lakini ulimi haukuteleza. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Nilikuwa nimehesabu hatua kutoka sebuleni hadi kitanda changu. Sikuwa na ujasiri wa kulisema mbele ya Jjajja, kwa hiyo nililiweka kinywani mwake, katika lugha ambayo asingeweza kuisikia.

Yule mama hakuandika. Alimtazama Jjajja, ambaye alikuwa amenyoosha mgongo na uso wake hauna hofu yoyote, kisha akanitazama mimi. "Nani anamwogopa?" akauliza taratibu. "Bibi au wewe?"

Nilianza kulia. Jjajja akauliza kwa Kiganda kuna nini, nani amekufa. Ikabidi nitafsiri tena, safari hii maneno yangu mwenyewe, nikimgeukia yeye. Nilimwambia, "Jjajja, mimi namwogopa Mjomba." Alikaa kimya kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mbona hukuniambia? Ningelala upande wa mlango."

Mgeni alisubiri hadi nilipotulia. "Hofu yako ni habari muhimu, nitaiandika," alisema. "Ila nitaiandika kwamba ni yako, siyo ya bibi. Na ya bibi nitaiandika kama alivyoisema. Rudia sasa, alisema nini hasa?"

Nikarudia. Tunamwogopea.

Nimelifikiria tukio hilo karibu kila nilipoingia darasani tangu wakati ule. Katika kozi ya saikolojia tulifundishwa kwamba somo hili lilianzia mahakamani zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyefundisha Harvard, alichapisha mwaka 1908 kitabu kuhusu kizimba cha shahidi, akieleza jinsi kumbukumbu ya shahidi mwaminifu inavyoweza kukosea. Baadaye tulifika kwenye vipimo vya hatari. Kimoja kinachotumika sana duniani kinaitwa HCR-20, na kiliundwa Kanada katika miaka ya 1990. Kina vipengele 20. Vipengele 10 vinahusu maisha ya nyuma ya mtu, ambayo hayabadiliki. Vitano vinahusu hali yake ya sasa. Vitano vya mwisho vinahusu mbele, na humo ndimo nilimokuta maswali yaleyale aliyoulizwa Jjajja: ataishi wapi, nani atamuunga mkono, atakabili vipi misukosuko.

Niliposoma orodha hiyo nilijua kwa nini filamu zilikuwa zimenidanganya. Nilidhani hatari imekaa ndani ya kichwa cha mfungwa, na kazi ya mtaalamu ni kuitafuta humo kwa tochi. Kumbe sehemu ya hatari inakaa nje ya gereza, katika nyumba inayomsubiri. Mtu yuleyule akitolewa na kurudishwa kijijini kwenye mpaka uleule, kati ya watu wanaomngojea kwa mapanga, ni hatari. Akipelekwa mahali penye kitanda, kazi na watu waliosema ukweli kuhusu hofu yao, hatari inapungua. Ndiyo maana yule mama alisafiri hadi Bugolobi kutazama kufuli la sebule.

Mahakama zetu pia zimelazimika kujifunza kumtazama mtu mzima, siyo kosa peke yake. Zamani hapa Uganda aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia alihukumiwa kifo moja kwa moja. Jaji hakuwa na nafasi ya kuuliza mtu huyo alikuwa nani au alipitia nini. Susan Kigula, mwanamke aliyehukumiwa kifo mwaka 2002, pamoja na wenzake 417, walipinga jambo hilo, na mwezi Januari 2009 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima ni kinyume cha katiba. Wengi walirudishwa mbele ya majaji waeleze mazingira yao ndipo wahukumiwe upya. Kigula mwenyewe alisomea sheria akiwa gerezani kupitia Chuo Kikuu cha London, na akaachiwa mwaka 2016. Uamuzi huo ulifungua mlango kwa maswali ambayo mwanasaikolojia anaweza kusaidia kuyajibu.

Lakini mlango umefunguliwa na watu wa kuingia ni wachache. Magereza ya Uganda yana wafungwa na mahabusu zaidi ya 70,000, na nafasi zilizojengwa hazifiki nusu ya idadi hiyo. Karibu nusu yao bado wanasubiri kesi zao. Mtu mwenye ugonjwa wa akili uliozidi hupelekwa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955, si mbali na Luzira. Wasiozidiwa, wale wanaokaa kimya kwenye kona na kukataa chakula, hao wanahitaji mtu wa kuwaona. Yule mama alituambia anavyofanya: hapiti akiuliza nani ana huzuni. Anawauliza wanyapara nani ameacha kucheza mpira.

Upo pia ugumu wa lugha. Katika utafiti uliofanyika vijijini Rakai na Masaka na kuchapishwa mwaka 2003, watafiti waliotaka kutibu sonona waliona hawawezi kuja na neno lao kutoka nje. Waliwasikiliza wenyeji kwanza, wakakuta Kiganda kina maneno mawili, okwekyawa na okwekubagiza, yaani kujichukia na kujihurumia. Wakayafanya hayo kuwa sehemu ya kipimo chao. Sasa mfikirie Mganda aliyefungwa, anaulizwa kwa Kiswahili cha gerezani na mtu wa kaskazini anayeandika ripoti kwa Kiingereza. Mtu anasema anajichukia, mkalimani anasema amechoka, ripoti inaandika hana tatizo. Mimi nilikuwa na elimu, nilikuwa na maji baridi na kiti, na bado nilibadilisha neno. Anayetafsiri usiku kwenye chumba cha watu 80 atafanya nini?

Kabla ya kuondoka siku ile, yule mama aliniuliza kama anaweza kumwambia mjomba kwamba naogopa. Nilikataa. Wiki mbili baadaye nilimpigia simu nikakubali. Akasema, "Basi njoo umwambie nawe."

Nilikwenda na mama. Mjomba alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mvi zimemjaa, amejifunza useremala na mikono yake ina makovu ya patasi. Yule mama alikaa pembeni. Mjomba alizungumza Kiswahili, nadhani ili naye aelewe. "Nimeambiwa unaniogopa," akasema. "Hata mimi, mwaka wa kwanza, nilijiogopa. Usiku nilikuwa nakalia mikono yangu." Hakunitaka nimwambie kwamba sasa siogopi. Aliniuliza ni saa ngapi huwa narudi kutoka chuoni, ili ajue asiwe nyuma ya mlango.

Alitoka mwishoni mwa mwaka ule. Mwezi wa kwanza nilifunga mlango wa chumba kwa ufunguo kila usiku, na najua alisikia, kwa sababu nyumba yetu ni ndogo na ufunguo una kelele. Hakusema kitu. Alianza kukohoa kidogo kabla ya kuingia jikoni ili asinishtue, na mpaka leo anakohoa. Anafanya kazi kwenye karakana ya useremala Kitintale. Kila alfajiri anaamka saa ileile ya kuhesabiwa, anakaa kwenye ukingo wa kochi akingoja, halafu anakumbuka hakuna anayekuja kumhesabu. Siwezi kusema hofu yangu imekwisha. Mlango siufungi tena.

Sitaki tena kuwa yule wa filamu. Nikimaliza digrii yangu nataka kuendelea na saikolojia, na nikibahatika nifanye kazi gerezani, na Kiswahili changu ndicho nitakachokwenda nacho. Yule mama alinifundisha jambo moja zaidi kuhusu kazi yake, ambalo sikulielewa mpaka mwezi uliopita. Alisema kwamba akizungumza na aliyeua, husikiliza kitenzi. Wengi husema "ilitokea", "mtu akafa", "ikawa bahati mbaya". Miaka mingine yote hupita kabla kitenzi hakijabadilika, na yeye hawezi kukibadilisha kwa niaba yao. Kazi yake ni kukaa hapo mpaka siku hiyo.

Mwezi uliopita Mjomba aliniomba nimwandikie barua kwa familia ya marehemu. Wazee wa ukoo wamekubali kuipeleka, hatujui kama itapokelewa. Mkono wake ni mzito kuandika, kwa hiyo tulikaa mezani, yeye akisema, mimi nikiandika kwa Kiganda, Jjajja akisikiliza huku akimenya matooke. Alisema, "Ndugu yenu alipokufa katika ugomvi wetu..." Nikaandika. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Alinyamaza, akatazama mikono yake.

"Futa hapo," akasema. "Andika nilimuua."

Kisu cha Jjajja kilisimama. Nilitaka kumwuliza kama ana hakika, nilitaka kutafuta neno jingine lililo laini kidogo, na Kiganda kinayo mengi kama Kiswahili. Kisha nikafuta, nikaandika kama alivyosema.